Meli Haipiti Bahari ya Shamu, Mbona Nauli Imepanda?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: vita vya mbali vinaingiaje kwenye bei ya dukani, shambani na bandarini? Tumechagua nane. Majina ya waandishi tumeyaacha; mji na kazi vinatosha.

Ninaagiza viatu na vyombo vya plastiki kutoka Guangzhou. Mwaka 2024 wakala aliniambia nauli imepanda kwa sababu ya Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen. Nimetazama ramani, meli ya China kuja Dar haipiti Bahari ya Shamu hata kidogo. Je, nilidanganywa?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

Ramani umeisoma sawasawa. Meli itokayo kusini mwa China hupita Singapore na mlango wa Malaka, kisha ikakata Bahari ya Hindi mpaka Dar es Salaam au Mombasa. Bab el-Mandeb, ule mlango mwembamba wa kilomita 29 hivi kati ya Yemen na Djibouti, inauacha mbali kaskazini. Lakini wakala naye hakukudanganya kuhusu sababu. Tatizo lilikuwa idadi ya meli.

Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi waliiteka Galaxy Leader, meli ya kubeba magari, pamoja na mabaharia wake 25. Kufikia katikati ya Desemba kampuni kubwa za makontena zilikuwa zimeanza kuzungusha meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Safari ya Asia hadi kaskazini mwa Ulaya ikaongezeka takriban maili 3,500 za baharini. Meli inayokwenda maili 15 kwa saa hukata maili 360 kwa siku. Gawanya: ni karibu siku 10 zaidi kwenda, na 10 nyingine kurudi.

Sasa chukua njia moja ya Asia na Ulaya ambayo kila wiki lazima meli iondoke. Mzunguko wa siku 84 unahitaji meli 12. Ongeza siku 20, mzunguko unakuwa siku 104, na unahitaji meli 15 ili kila wiki ipate meli yake. Hizo tatu za ziada zinatoka kwenye njia zinazolipa kidogo, na njia za Afrika Mashariki ni miongoni mwa hizo. Makontena matupu nayo yalichelewa kurudi China kwa siku zilezile, na bandari za kubadilishia meli kama Singapore zikajaa katikati ya 2024. Kipimo cha Drewry, kampuni ya utafiti wa biashara ya meli, cha wastani wa nauli za dunia kwa kontena la futi 40 kilitoka takriban dola 1,400 Novemba 2023 hadi zaidi ya dola 5,900 Julai 2024. Wewe uliyeko Kariakoo ulikuwa unagombea sanduku lilelile na mtu wa Rotterdam, naye alikuwa tayari kulipa zaidi.

Kwa hiyo kupanda kulikuwa kwa kweli. Kilichostahili kuhojiwa ni kiasi. Siku nyingine usikubali bei moja ya jumla. Mwombe wakala aichambue: nauli ya bahari yenyewe, nyongeza ya mafuta ya meli, nyongeza ya msimu, gharama za bandari ya kuondokea na za bandari ya kufikia. Uliza bei inadumu hadi tarehe gani, na kama meli inakuja moja kwa moja au mzigo utashushwa mahali na kusubiri meli nyingine. Wakala anayekataa kuonyesha mchanganuo ndiye wa kumwogopa, awe na sababu ya vita au asiwe nayo.

Kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalihesabu. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ushuru wa forodha hukokotolewa kwa thamani ya CIF, yaani bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Nauli ikipanda, ushuru unapanda nayo, na VAT inakaa juu ya vyote viwili. Tuseme nauli ya kontena imeongezeka kwa dola 3,000. Ushuru wa 25% juu ya hizo ni dola 750. VAT ya Tanzania ya 18% juu ya 3,750 ni dola 675. Umetoka dola 3,000 umefika 4,425, kabla ya tozo nyingine ndogondogo. Ukiwa umesajiliwa kwa VAT, hizo 675 utazirejesha kwenye hesabu zako. Kama hujasajiliwa zimekwenda.

Gawa 4,425 kwa CBM (mita za ujazo) 60 ambazo kontena la futi 40 hubeba likipangwa vizuri: ni kama dola 74 kwa kila CBM. Katoni ya CBM 0.06 yenye vipande 24 inabeba mzigo wa dola 4.4, yaani senti 18 kwa kipande. Kwa kiatu cha dola 6 utavumilia. Kwa beseni la dola 0.80 faida yote imeondoka. Ndiyo maana nauli ikipanda tunashauri kupunguza vitu vikubwa vya bei ndogo, kama mabeseni, midoli na mito, na kuongeza vitu vidogo vyenye thamani. Bidhaa ya plastiki inayopatikana kwa viwanda vya nyumbani wakati huo inaweza kuwa rahisi kuliko ya Guangzhou. Piga hesabu upya kila nauli inapobadilika, usitegemee mazoea.

Nauli zilishuka baadaye, hasa kwa sababu meli mpya nyingi zilizoagizwa miaka ya korona zilianza kuingia kazini mwaka huohuo wa 2024. Aliyeweka mkataba wa mwaka mzima mwezi Julai aliendelea kulipa bei ya kilele. Ukilazimika kufunga bei wakati wa kilele, funga kwa miezi mitatu tu.

Nanunua vipuri kutoka Uturuki na mashine zilizotumika kutoka Uingereza. Bima yangu imeandikwa Clause A, na muuzaji bima ameniambia ni ya hatari zote. Kombora likiipiga meli nitalipwa?
*Mwagizaji, Mombasa*

Kwa maandishi hayo peke yake, hapana. Na mizigo yako, tofauti na ya ndugu wa Kariakoo, kwa njia ya kawaida hupita Suez na Bab el-Mandeb, kwa hiyo swali lako ni la lazima.

Masharti ya bima ya shehena yanayotumika karibu dunia nzima yana madaraja A, B na C. A ndiyo pana, C ndiyo finyu. Lakini hata A ina kifungu kinachoondoa vita, utekaji wa kivita, mabomu na mabaki ya silaha, na kingine kinachoondoa migomo, fujo na ugaidi. Uharamia wa kawaida umo ndani ya A. Ili kurudisha vilivyoondolewa unanunua viambatanisho viwili, cha vita na cha migomo. Fungua hati yako sasa utafute viambatanisho hivyo kwa majina yao. Neno la mdomo la muuzaji bima halitasimama siku ya madai.

Ukishanunua cha vita, ujue mipaka yake. Kinalinda mzigo ukiwa majini tu: unaanza kulindwa unapopakiwa melini, unaishia unaposhushwa, au siku 15 baada ya meli kufika bandari ya mwisho, lolote litakalotangulia. Mzigo ukishushwa katikati kusubiri meli nyingine, nako kuna siku 15, kisha ulinzi unasimama mpaka upakiwe tena. Ghalani na barabarani hakuna bima ya vita. Kampuni ya bima ina haki ya kufuta kiambatanisho hicho kwa taarifa ya siku 7, ingawa mzigo ambao umeshaanza safari haufutiwi.

Ucheleweshaji haulipwi kabisa, hata kama uliotokea umesababishwa na jambo lililokatiwa bima. Mashine ikifika wiki nne baada ya msimu wa wateja, hasara ni yako. Wengi waligundua sharti hilo mwaka 2024, mzigo ukiwa tayari unazunguka Rasi.

Hatari ya tatu ni mchango wa hasara ya pamoja. Ni kanuni ya zamani sana ya bahari: nahodha akitumia gharama au akitoa sehemu ya mzigo kafara ili kuokoa meli nzima, wenye mizigo wote huchangia kulingana na thamani ya mali zao. Ever Given ilipokwama Suez Machi 2021, mwenye meli alitangaza mchango huo, na meli yenye makontena takriban 18,300 ikazuiwa Misri hadi Julai 7. Kontena lako likiwa zima kabisa bado hukabidhiwi mpaka utie saini ahadi ya kuchangia na bima yako itoe dhamana. Asiye na bima huweka fedha taslimu. Daraja zote tatu, hata C, hulipia mchango huu. Lakini ukitokana na vita, unarudi kwenye kile kiambatanisho cha vita.

Ukinunua kwa CIF, muuzaji ndiye anayekata bima, na kanuni za sasa za biashara zinamdai daraja C pekee. Hatari lakini huhamia kwako mzigo unapopakiwa huko atokako. Basi unabeba hatari ya safari nzima kwa bima ndogo kuliko zote, iliyochaguliwa na mtu asiye na cha kupoteza. Nunua kwa FOB (muuzaji anaishia kupakia mzigo melini) au CFR (analipa na nauli, bila bima), ukate bima yako hapa. Kenya imetaka bima ya mizigo inayoingia ikatwe kwa kampuni za nyumbani tangu 2017, na Tanzania ina sharti la namna hiyo, kwa hiyo njia ipo na wakala wako anaijua. Thamani ya kukatia ni CIF ukiongeza 10%.

Mzigo ukifika, linganisha namba ya lakiri, ile mnayoiita sili, na iliyoandikwa kwenye hati ya shehena kabla kontena halijafunguliwa. Piga picha milango imefungwa, nusu, na wazi. Uharibifu unaoonekana uandike kwenye hati ya kupokelea papo hapo. Usioonekana, mwandikie mwenye meli ndani ya siku 3. Mwite mkaguzi wa bima kabla ya kuhamisha chochote. Kesi dhidi ya mwenye meli hufa baada ya mwaka mmoja, na barua tamu za kusubiri haziisimamishi saa hiyo.

Kuhusu gharama, kabla ya mashambulizi bima ya vita ya meli yenyewe kupita Bahari ya Shamu ilikuwa kama 0.05% ya thamani ya meli. Mwanzoni mwa 2024 ilifika 0.7% hadi 1%. Kwa meli ya dola milioni 50, hiyo ni kutoka dola 25,000 hadi 350,000 au zaidi kwa safari moja. Fedha hizo hugawanywa kwa makontena, zikakufikia kwa jina la nyongeza ya vita.

Niko Muscat, natuma vyombo vya nyumbani na magari kwa ndugu zangu Unguja. Kukiwa na vita vya Ghuba, mizigo ya Oman nayo inazuiwa Hormuz?
*Msomaji, Oman*

Inategemea inapopakiwa, dada. Sohar, bandari za Muscat na Salalah zote ziko nje ya mlango wa Hormuz, ule wa kuingilia Ghuba. Meli hutoka moja kwa moja Bahari ya Uarabuni. Jebel Ali ya Dubai iko ndani. Mtihani ni pale wakala anapopakia mzigo wako Sohar kwenye meli ndogo, akaupeleka Jebel Ali kuunganishwa na mingine, kisha ukatoka tena. Hapo umevuka Hormuz mara mbili bila kujua. Soma hati ya shehena sehemu ya bandari ya kubadilishia meli. Wakati wa wasiwasi lipia meli inayopitia Salalah au inayoshuka moja kwa moja, na upande wa Emirates bandari zilizo nje ya mlango ni Fujairah na Khor Fakkan.

Vita vikianza leo, kituo cha mafuta kina haki ya kupandisha bei kesho?
*Bodaboda, Dodoma*

Hakina. Tanzania, bei kikomo hutangazwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kenya, mdhibiti wake, EPRA, hutangaza tarehe 14 na bei hudumu hadi 14 ya mwezi unaofuata. Mafuta yaliyomo kwenye tangi la kituo yalinunuliwa wiki nyingi nyuma kwa bei ya soko la Ghuba ya wakati huo. Juni 2025 Israel na Iran walipopigana kwa siku 12, pipa la mafuta ghafi ya Brent lilipanda kutoka takriban dola 69 hadi karibu 79, na baada ya usitishaji wa mapigano wa tarehe 24 likarudi chini ya 70. Mpandisho wa siku chache namna hiyo hulainika ndani ya wastani wa mwezi. Unaoumiza ni ule unaodumu miezi, kama wa 2022, ambapo Serikali ya Tanzania ililazimika kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni.

Cha kuangalia ni siku mbili tatu kabla ya tangazo. Kukiwa na dalili ya kupanda, baadhi ya vituo husema mafuta yamekwisha ili wauze kwa bei mpya. Jaza mapema wiki hiyo, na kituo kinachouza juu ya bei kikomo kiripoti kwa mdhibiti ukiwa na risiti.

Nalima ekari 12 za mahindi. Nikisikia habari za vita Ulaya, nikimbilie kununua mbolea?
*Mkulima, Mbozi*

Ulaya si mahali pekee pa kutazama. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia, na gesi ndiyo sehemu kubwa ya gharama yake. Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, na potashi nyingi hutoka Urusi na Belarus. Lakini kabla jeshi la Urusi halijaingia Ukraine Februari 24, 2022, gesi ya Ulaya ilikuwa imeshapanda, na China tangu Oktoba 2021 ilikuwa imebana uuzaji wa mbolea nje. Tani ya urea iliyokuwa chini ya dola 300 mwishoni mwa 2020 ilivuka dola 900 Aprili 2022. Ukingoja kombora la kwanza ndipo ununue, umechelewa. Fuata bei ya gesi na maamuzi ya Beijing.

Kununua mapema kuna maana ikiwa una mahali pa kutunzia. Urea hunywa unyevu wa hewa na kuganda. Panga mifuko juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, isizidi tabaka kumi, na mfuko uliofunguliwa utumike kwanza. Na kama mko kwenye mpango wa ruzuku, hakikisha taarifa za shamba lako zimehuishwa kabla ya msimu. Namba isiyosoma siku ya kununua ndiyo inayowarudisha wengi mikono mitupu.

Jambo la pili, nunua kirutubisho, usinunue mfuko. Urea ina naitrojeni 46%, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, ya 27% ina kilo 13.5. Urea ikiwa 70,000, kila kilo ya naitrojeni ni shilingi 3,043. CAN ikiwa 60,000, ni 4,444. Mfuko wa bei ndogo ndio ghali. Ila urea ikitupwa juu ya udongo mkavu, naitrojeni hupotea hewani. Ifukie sentimita 5, udongo ukiwa na unyevu, na igawe mara mbili: mahindi yakifika magotini, kisha kabla ya kuchanua. Usipofukia, hesabu yote hii imevurugika.

Pima udongo. Kama pH, kipimo cha tindikali, iko chini ya 5.5, fosforasi ya DAP uliyoinunua kwa bei ya vita inakamatwa na udongo na mahindi hayaipati. Chokaa ya kilimo inachimbwa hapa nchini, haipandi meli. Fosfeti ya Minjingu, inayotoka Manyara, huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, ingawa haifanyi kazi haraka kama DAP. Usiiweke msimu mmoja na chokaa nyingi, maana chokaa huondoa ile tindikali inayoiyeyusha.

Tunauza parachichi za Hass Uholanzi kwa meli. Safari ya mwezi mmoja ikawa wiki sita, na mnunuzi akakata zaidi ya nusu ya malipo akisema matunda ni meusi ndani. Tufanyeje?
*Ushirika wa wakulima, Murang'a*

Weusi wa ndani una sababu mbili zinazofanana kwa macho: tunda lililovunwa likiwa limekomaa mno, au baridi iliyoshuka kupita kiasi. Bila kumbukumbu ya joto hamwezi kubishana na mnunuzi. Wekeni vifaa viwili vya kurekodi joto katika kila kontena, kimoja katikati ya shehena na kingine karibu na mlango, na namba zake ziandikwe kwenye hati.

Kwa safari ndefu, chagueni tunda kwa kipimo cha ukavu wa nyama yake. Kwangueni nyama, pimeni gramu 10, kausheni kwenye mikrowevu kidogokidogo mpaka uzito usibadilike. Zikibaki gramu 2.4, ukavu ni 24%. Chini ya hapo tunda halitaiva vizuri, litakunjamana na kuwa kama mpira. Likizidi 30% lina nguvu ya kuiva njiani. Kwa wiki sita, vuneni kati ya 24% na 27%, na msichanganye mashamba ya miinuko tofauti kwenye kontena moja, kwa sababu hayakomai pamoja. Matunda yaingie baridi siku ileile ya kuvunwa. Kila saa ya jua kwenye pikapu inakatwa kwenye maisha yake ya baharini. Joto la kontena liwe nyuzi 5 hadi 6. Chini ya 5 ndipo baridi inapochoma. Lipieni kontena linalodhibiti hewa, oksijeni karibu 4% na kaboni dioksidi karibu 6%; kwa safari ya siku 25 mnaweza kujadili, kwa siku 42 msilijadili.

Upande wa mkataba, inaonekana mmeuza mali kauli: bei inakatwa baada ya tunda kufika na kukaguliwa. Kwa mpango huo kila siku ya kuzunguka Rasi inalipwa na mkulima. Dai bei ya FOB Mombasa, angalau sehemu ya malipo kwa hati ya shehena, na ukaguzi wa mtu wa tatu pande zote mbili. Bima haitawasaidia kwa ucheleweshaji, kama tulivyomjibu mwagizaji wa Mombasa. Masoko ya Ghuba, India na China, ambako parachichi bichi za Kenya zimeruhusiwa tangu 2022, hayahitaji kupita Bab el-Mandeb. Bei yake mara nyingi ni ndogo, lakini tunda linafika likiwa tunda.

Intaneti ilipokatika 2024 ilikuwa kazi ya vita?
*Mwenye duka la miamala, Arusha*

Mara moja ndiyo, mara moja hapana. Meli Rubymar, iliyobeba takriban tani 21,000 za mbolea, ilipigwa na Wahouthi Februari 18, 2024, ikaelea ikiburuta nanga, na nanga hiyo ndiyo inayoaminika kukata nyaya za chini ya bahari siku chache baadaye, ukiwemo wa Seacom. Meli ilizama Machi 2. Kukarabati kulichukua miezi kwa sababu ya vibali na usalama kwenye maji ya Yemen. Mkatiko wa Mei 12, ulioiumiza sana Tanzania, ulikuwa wa nyaya za EASSy na Seacom upande wa Afrika Kusini na Msumbiji, hauhusiani na vita. Kilichozidisha makali ni kwamba njia ya kaskazini ilikuwa bado mbovu. Kwa duka lako, weka laini za mitandao miwili ambayo haitegemei waya mmoja. Muulize mtoa huduma trafiki yake inatokea wapi.

Jambo wakubwa. Benki zilifunga hapa kwetu, uwanja wa ndege ulifunga, na mizigo yangu inapita Mombasa. Watu wanasema dunia haina habari na vita ya kwetu. Ni kweli? Na mzigo ukikwama njiani nifanye nini?
*Mchuuzi, Goma*

Ndugu yetu, dunia ina habari nayo kupitia madini, hata pale isipotaja watu. Waasi wa M23 waliposogea Walikale Machi 2025, mgodi wa Bisie, unaotoa karibu 6% ya bati la dunia, ulisimamisha kazi, na bei ya bati kwenye soko la London ikapanda. Bati ndilo linalotengeneza lehemu, ile inayoshikiza vipande ndani ya simu na redio. Rubaya, Masisi, iliyo mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, hutoa takriban 15% ya koltani duniani, madini mengine yanayoingia kwenye simu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kundi hilo linakusanya huko angalau dola 800,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mnunuzi wa simu yuko ndani ya vita hivi. Anayelipa kwa nyumba na kwa maisha yake ni mtu wa Goma, na hilo bei ya soko haiandiki popote.

Sasa mzigo. Ukitoka Mombasa unasafiri chini ya dhamana ya forodha aliyoiweka wakala wako, na una muda maalumu wa kuvuka mpaka wa kutokea uliotajwa. Mpaka ukifungwa, usikae kimya na usiuze mzigo njiani. Ukifanya hivyo dhamana inadaiwa yote na mzigo unataifishwa. Kabla muda haujaisha, wakala aandike kuomba moja kati ya haya: kuongezewa muda, kubadilishiwa mpaka wa kutokea, au kuingiza mzigo kwenye ghala la forodha Kampala au Kigali. Ghala lina gharama ya kila mwezi, lakini ni ndogo kuliko tozo ya kontena lililochelewa kurudi. Toeni mzigo kwenye kontena mkalirudishe likiwa tupu. Tozo ya mwenye meli inakimbia kila siku hata kama barabara imefungwa na majeshi, na masharti ya hati ya shehena hayamlazimishi kuisamehe.

Njia za kufikiria ni Kigali hadi Rubavu, au Mpondwe na Kasindi kwa mteja wa Beni na Butembo, au kutoka Dar kupitia Kigoma na ziwa hadi Kalemie kwa wa kusini zaidi. Kabla ya kuchagua, jua kwamba risiti ya ushuru uliolipa upande unaoshikiliwa na M23 haitambuliwi na forodha ya Kinshasa, na mzigo ukivuka mstari unaweza kulipiwa mara mbili. Gawa shehena kulingana na wateja wako walipo kabla haijatoka Mombasa, kila sehemu na hati zake. Bima ya vita haifiki barabarani, kwa hiyo tuma lori moja, subiri livuke, ndipo la pili litoke.